Rangi ya Kopo, Mwalo wa Kirumba na Deni kwa Waliotangulia

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji wa Mwanza, nina miaka 24. Nachora maisha ya mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki: akina mama wa dagaa, vijana wa kushusha mizigo, mama lishe, mitumbwi. Natumia rangi ya mafuta ya makopo juu ya hadibodi, halafu namalizia kwa akriliki. Kwenye maonyesho nimeambiwa mambo mawili yasiyopatana. Mmoja alisema hizi ni Tingatinga tu. Mwingine akasema namwiga Michael Armitage, yule mchoraji wa Kenya, kwa sababu nimeweka waridi na kijani kwenye ngozi za watu. Je, niache kutazama kazi za wakubwa ili nipate mkono wangu? Nikiendelea kuzitazama, nijifunze vipi bila kuwa kivuli chao? Na mbona ile akriliki ya juu inabanduka kama ganda la yai?"

Jibu: Marahaba, mchoraji. Nianze na hilo ganda, maana ukilielewa, hayo mengine mawili yatakuwa yameshajibiwa nusu.

Rangi ya kopo, ile wanayopaka milango na mageti, ni rangi ya mafuta. Inakauka kwa kuvuta hewa, na ikishakauka inakuwa utando mgumu, laini, unaong'aa. Akriliki ni rangi ya maji. Ili ishike inataka sehemu inayofyonza kidogo, au iliyokwaruzwa, ipate pa kung'ang'ania. Juu ya mafuta imelala tu, kama karatasi iliyolowekwa ikabandikwa kwenye sahani. Leo imetulia, miezi michache ya joto na baridi baadaye unaibandua kwa ukucha. Vanishi haitaiokoa, itabanduka pamoja nayo. Picha zilizoanza kubanduka, kwangua akriliki yote, piga msasa laini juu ya mafuta, kisha rudia sehemu hizo kwa mafuta. Ambazo bado ziko salama ziweke mbali na jua na usizisugue.

Kuanzia sasa, maji chini, mafuta juu. Nunua hadibodi ya milimita 3. Shiti moja la futi 4 kwa 8 linakupa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kutupa kitu. Piga msasa namba 120 upande laini hadi mng'ao wake utoke, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke. Paka rangi nyeupe ya ukutani isiyong'aa, na isiwe ile ya bei ya chini kabisa inayoacha unga mkononi. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, uupunguze, sehemu 1 ya maji kwa 4 za rangi. Mkono wa pili usiongeze maji, na brashi ikate mwelekeo wa mkono wa kwanza. Kisha geuza upake mgongo na kingo. Wengi huiruka hatua hiyo, halafu wanalaumu mbao. Hadibodi iliyopakwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande wa pili na kupinda kama ungo, na kando ya ziwa unyevu haukosi. Kipande kinachozidi sentimita 80 kigundishie fito mbili nyuma. Siku ya pili piga msasa namba 220 kidogo tu, hapo uso uko tayari kupokea akriliki au mafuta.

Mafuta nayo yana adabu zake. Paka mikono myembamba. Mkono mnene hukauka juu kabla ya chini, ukakunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Subiri saa 24 kabla ya mkono unaofuata. Ikibidi kupunguza, tumia tapentaini au waiti spiriti. Thina kali ya wapaka magari huyeyusha mkono wa chini na kuunyanyua, ukashangaa rangi ya jana inatoka na brashi ya leo.

Sasa tazama rangi hiyo inavyokulazimisha uchore. Inatiririka na kujisawazisha yenyewe, kwa hiyo alama za brashi zinapotea. Inaanza kunata kabla hujamaliza kuchanganya rangi mbili ziingiane polepole, kwa hiyo kivuli laini cha shavu kinakushinda. Unachobakiwa nacho ni kupaka eneo moja bapa, kusubiri, kuweka mstari, kusubiri, kuweka madoa. Hiyo ndiyo sura ambayo mgeni wako wa kwanza aliita Tingatinga. Hakuona kwamba umemwiga mtu; aliona kopo la rangi likifanya linachofanya siku zote.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi. Miaka 4 tu. Alitumia hadibodi za karibu sentimita 60 kwa 60 na rangi ya makopo, na kwa vitu hivyo viwili akapata mpangilio unaofanya kazi: nyuma rangi moja, katikati mnyama mmoja anayejaza ubao, juu yake madoa na mistari. Kila hatua inakubaliana na tabia ya rangi ile. Ukisimama mbele ya chui wake hutatamani kivuli cha kuonyesha mviringo wa mwili, kwa sababu madoa yanafanya kazi ya kivuli: yakisongamana mwili unakuwa mzito, yakiachana unapata mwanga. Naye hakutokea hewani. Watafiti wa kazi yake wanaeleza kwamba picha za wachoraji wa Kongo zilikuwa zikiuzwa Dar es Salaam wakati huo. Waliomfuata hawakubaki kwenye mnyama mmoja pia. Mohamed Charinda alileta visa na simulizi. Maurus Malikita akajaza ubao umati wa mjini, kila mtu na shughuli yake. Kwa hiyo mtu akikuambia "Tingatinga tu," muulize ni ipi, maana hiyo "tu" imebeba mengi.

Funzo la kwanza ni hilo. Nyenzo nayo ni mwalimu, na wakati mwingine ina nguvu kuliko mchoraji unayemwogopa. Kabla hujajiuliza umemwiga nani, jiulize kopo limekuamulia nini.

Swali lako la pili, kwamba ufunge macho usitazame kazi za wakubwa, jibu langu ni hapana, na nina sababu zaidi ya adabu. Asiyetazama picha za watu huishia kuiga kile anachokiona kila siku bila kujua kwamba anaiga: picha za simu, mabango ya biashara, kalenda za ukutani. Hizo nazo zilitungwa na watu. Tofauti ni kwamba hujui ulichokopa, kwa hiyo huwezi kukirudisha.

Tazama mnyororo mmoja wa Afrika Mashariki. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere. Badala ya kuweka mtu au chungu mbele ya darasa, aliwasimulia wanafunzi tukio, soko au safari au hadithi, nao walichore jinsi walivyoliona kichwani. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Miaka ya 1950 Ntiro alikwenda Slade, London, shule inayojulikana kwa kuchora mwili wa mtu aliyekaa mbele yako. Alirudi akiendelea kuchora kutoka kichwani: Wachagga wakichuma kahawa, wakikata miti, wakienda sokoni. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa, New York. Baada ya uhuru aliwakilisha Tanganyika jijini London kama balozi, na bado akachora migomba.

Ntiro ndiye aliyemshika mkono Jak Katarikawe, kijana wa Kigezi aliyekuwa dereva Kampala, asiyewahi kusomea sanaa darasani. Katarikawe hakuchora kama Ntiro hata kidogo. Watu wa Ntiro ni wadogo, wengi, wametapakaa kwenye mteremko. Ng'ombe na wapenzi wa Katarikawe wanajaza picha nzima, kingo zao zimeyeyuka kama ndoto ya asubuhi. Alichorithi ni ruhusa: kwamba maisha ya kijijini yanayoonekana kichwani yanatosha kuwa picha, bila kusubiri mtu akuletee mfano wa kuchora. Katarikawe alihamia Nairobi na kufia huko mwaka 2018, na miongoni mwa waliomtazama kwa makini ni huyo huyo Armitage uliyeambiwa unamwiga.

Elimo Njau wa Marangu alipita Makerere pia. Mwaka 1959 alimaliza picha 5 za ukutani katika kanisa la Murang'a, habari za Yesu zikiwa zimewekwa kwenye vilima vya Wakikuyu, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, Nairobi. Kituo hicho kinajulikana kwa onyo lake kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Nakubaliana nalo kwa picha inayotundikwa na kuuzwa. Kwa daftari la mazoezi silikubali. Njau mwenyewe alichukua Karamu ya Mwisho na Ubatizo, miongoni mwa mipangilio iliyochorwa mara nyingi kuliko yote duniani, akaihamishia Murang'a. Asingeijua ya zamani, asingejua cha kuhamisha.

Tuje kwa Armitage, maana yeye anaonyesha madeni yake waziwazi na hivyo ni rahisi kumchambua. Alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasoma Slade na Royal Academy London. Picha yake #mydressmychoice ya mwaka 2015 inatokana na tukio la Nairobi la mwaka 2014, mwanamke alipovuliwa nguo na wanaume hadharani na video ikasambazwa. Mkao wa mwanamke aliuchukua kwa Velázquez, mchoraji wa Hispania wa karne ya 17, kwenye picha ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi, iliyoko National Gallery, London: uchi, amelala, katupa mgongo. Kwa Velázquez mtazamaji yuko peke yake chumbani, na mtoto mwenye mabawa ameshika kioo. Armitage akaondoa utulivu wa chumba akaweka miguu ya wanaume waliozunguka. Mkao ni ule ule, ila mahali pako wewe mtazamaji pamebadilika: sasa umesimama katika kundi lile. Maana yote ya picha imo katika badiliko hilo moja.

The Fourth Estate ya mwaka 2017 ni mfano mzuri zaidi kwako, kwa kuwa ni umati. Ni wafuasi waliopanda mtini kwenye mkutano wa kampeni za uchaguzi wa Kenya. Nyuma yake kuna mchoro wa chapa wa Goya, mchoraji mwingine wa Hispania, wa mwanzoni mwa karne ya 19: watu waliojifunika wameketi wamebanana kwenye tawi kavu lililoning'inia juu ya utupu. Goya alikuwa na tatizo la kuchora: utawekaje watu wengi hewani mtazamaji ausikie uzito wao na ahofie tawi? Alilitatua kwa kuwabana wakawa donge moja zito upande mmoja, na kuacha utupu chini yao. Tatizo hilo Armitage alilikuta Nairobi, mtini kabisa. Alichokopa ni suluhisho. Mavazi, nyuso na hali ya hewa vya Goya aliviacha Hispania.

Hilo ndilo ningependa ulibebe kutoka kwenye barua hii. Sura ya picha ya mtu ukiikopa itakusaliti, kwa sababu ilitoka kwenye rangi yake, mwanga wake na nyumba yake. Suluhisho la tatizo unaweza kulikopa hata kwa mtu aliyekufa miaka 200 iliyopita upande wa pili wa bahari, na hakuna atakayekuambia umeiba, kwa kuwa likishafika mwaloni litabadilika lenyewe.

Halafu kuna lubugo. Armitage hachori juu ya turubai la pamba. Anatumia lubugo, nguo ya gome la mutuba inayotengenezwa na Waganda. Gome huchunwa wakati wa mvua, shina likafunikwa majani ya mgomba lisikauke, na gome likagongwa kwa nyundo za mbao kwa saa nyingi hadi lipanuke na kulainika. Linakuwa na rangi ya udongo, matundu, mishono na makunyanzi, na Armitage huyaacha yaingilie picha: tundu likikaa kifuani kwa mtu, linakaa. Wachoraji wengi vijana wameliona hilo wakakimbilia lubugo. Nakushauri usiliguse kwa sasa. Kwanza, kwa Waganda ni nguo ya kuzikia na ya kutawazia wafalme, si gunia la rangi. Pili, lina shida zake. Halivutiki sawa pande zote, kwa hiyo kwenye fremu linalegea kona moja na kukaza nyingine. Na mafuta yakigusa nyuzi za mimea moja kwa moja huzifanya zikauke na kukatika kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo lazima ulikinge kwanza. Ukitaka uso wenye makovu, Mwanza unayo magunia na vitambaa vya tanga la mtumbwi. Kitambaa cha pamba ukikaze kwenye fremu, ukipake gundi nyeupe ya mbao sehemu 1 kwa maji sehemu 2, kikauke, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji. Hapo mafuta hayatakula nyuzi. Gunia la plastiki liache, halishiki kitu.

Kuhusu waridi na kijani kwenye ngozi, mkosoaji wako wa pili anaweza kuwa na haki au asiwe nayo, na kuna kipimo cha kuamua. Je, rangi hizo zina sababu pale mwaloni? Maturubai ya bluu, mabati, mchanga mweupe na maji vyote vinarudisha mwanga. Msimamishe mtu chini ya turubai la bluu saa 6 mchana umtazame dakika 2: paji la uso na mabega yana bluu, chini ya kidevu kuna njano ya mchanga, upande wa shavu ulio karibu na beseni jekundu una wekundu. Kijani chako kikiwa kimetoka kwenye neti ya kijani iliyotundikwa kando yake, ni chako, hata Armitage angesimama hapo angekiona. Kikiwa kimetoka kwenye skrini ya simu, kimeazimwa bila sababu, na mtazamaji hulihisi hilo hata akishindwa kulieleza.

Kwa kuichanganya: usipandishe mwanga wa ngozi kwa nyeupe tupu. Kahawia na nyeupe hutoa ngozi iliyopauka kama isiyopakwa mafuta. Anza na kahawia vijiko 4, ongeza nyekundu nusu kijiko na bluu robo. Hiyo ndiyo ngozi yako ya katikati. Ya kivulini ongeza bluu na nyekundu, acha nyeusi kwenye kopo, maana nyeusi huifanya ngozi iwe tundu. Ya kwenye mwanga chukua ya katikati uongeze njano, na mwisho kabisa, kwenye ncha ya pua na mfupa wa shavu, bluu iliyochanganywa na nyeupe, tone tu. Vipimo hivi ni vya kuanzia. Kahawia ya kila kiwanda ina nguvu zake.

Sasa namna ya kujifunza. Chagua picha moja ya mtu mmoja, si kumi. Andika juu ya karatasi swali moja la kiuchoraji unalotaka picha hiyo ijibu. "Inanivutia" si swali. Kwa mfano: Ntiro anawekaje watu wengi bila soko kuwa fujo? Kisha chora picha hiyo mara 5 kwa ukubwa wa kiberiti, kwa toni 3 tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Udogo utakuzuia kuingia kwenye nyuso na mikunjo ya nguo. Chukua rula upime mstari wa juu, pale ardhi inapokutana na anga, uko sehemu ya ngapi ya kimo cha picha. Hesabu watu. Hesabu wangapi wamefunikwa na wengine na wangapi wanaonekana wazima. Ukifanya hivi kwa picha za umati za aina ya Ntiro utaona ardhi imepandishwa juu sana, kama umesimama kilimani, ndiyo maana watu wanapangika mmoja juu ya mwingine badala ya kuzibana. Umepata suluhisho. Ulipate kwa kipimo, lisiwe la kukisia.

Ukitaka, fanya nakala moja ya rangi kwa nusu ya ukubwa, siku moja tu, rangi zisizidi 4. Nyuma yake andika wazi kwamba ni nakala ya zoezi na ya nani. Usiiuze. Mtindo haulindwi na hakimiliki, lakini picha yenyewe inalindwa, na mwenyewe akiwa hai au warithi wake wakiwapo utajitafutia kesi.

Baada ya hapo iweke picha ya mkubwa kabatini uende mwaloni bila simu mkononi. Simu inadanganya kwa namna mbili: lenzi yake hukuza kilicho karibu na kusogeza mbali kilicho nyuma, na vivuli vya mchana hugeuka weusi mtupu. Zaidi ya yote, kila mtu huishika usawa wa macho, ndiyo maana picha za mwalo zote zinafanana. Chora michoro 20 ya dakika 2 kwa kalamu ya mkaa. Kumi ya kwanza itakuwa mibaya, na huko ndiko kuzoea. Mama anayepepeta dagaa anarudia mkao ule ule kila baada ya sekunde chache. Anza mkono, subiri aurudie, malizia. Mbeba mizigo anapita mara moja, kwa hiyo kwake chukua mstari mmoja tu, kutoka kisigino hadi kwenye gunia. Omba ruhusa kwanza, na umwonyeshe ulichochora. Akicheka ujue kuna mahali umepata.

Ndipo utunge picha yako ukitumia suluhisho lile, na ubadilishe makusudi mambo 3: mahali alipo mtazamaji, saa ya siku, na nani anamtazama nani. Ukibadilisha moja tu, deni litaonekana. Kwa picha ya Kirumba jaribu kuwa juu ya ngazi au juu ya shehena ya magunia, saa 12 na nusu asubuhi mitumbwi inaposhusha. Ardhi itapanda, watu watapangika, na mwanga utatoka ubavuni badala ya utosini.

Neno dogo juu ya maandishi, maana najua yatakujia: mwalo umejaa majina ya mitumbwi, bei kwenye vibao, misemo ya kanga. Chéri Samba wa Kinshasa alianzia kazi ya kuchora mabango, akaleta maandishi ndani ya picha ili wapita njia wasimame na kusoma. Lubumbashi, mji mwingine wa Kongo, ambako wateja wa wachoraji walikuwa majirani zao wenyewe wa mjini, picha ya sebuleni iliitwa ukumbusho: kazi yake ilikuwa kuanzisha mazungumzo, na Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi yake kwa mtindo huo miaka ya 1970. Maandishi yakiwa yapo pale mwaloni, yachore. Yakiwa ni maelezo ya kile ulichoshindwa kukichora, yafute urudi kwenye mchoro.

Namaliza na dagaa, kwa kuwa ndio tatizo gumu kuliko yote katika kazi yako, na hapo ndipo nyuzi zote zinakutana. Wachoraji wengi wa mwalo huchora dagaa mmoja mmoja, wakachoka, picha ikageuka mkeka wa vijistari. Wengine hupaka rangi ya fedha, ambayo ukipita mbele yake inageuka kijivu cha bati. Rundo la dagaa halina samaki. Lina giza chini, kijivu katikati, na cheche juu zinazohama ukihama. Kuna mtu aliyeshatatua jinsi ya kufanya mwili mzima wa chui usikike kwa madoa peke yake, juu ya hadibodi, kwa rangi ya kopo.

Basi fanya hivi. Picha nzima ichore kwa rangi ya maji isiyong'aa juu ya ubao ulioandaa: anga, watu, magunia, mchanga. Iache siku 2 ikauke kabisa. Dagaa pekee wapake kwa mafuta. Eneo la rundo lipake bluu iliyochanganywa na kahawia, karibu na nyeusi, usubiri saa 24. Kisha kijivu cha kati kwa ncha ya brashi namba 2, madoa marefu kidogo kama punje za mchele, yaliyosongamana chini na kulegea juu, yote yakielekea pande mbili au tatu tu. Saa 24 nyingine. Mwisho nyeupe yenye tone la njano, madoa yasiyozidi moja kwa kila 10 ya kijivu, upande unaotoka jua. Mgongo wa brashi ukichovywa kwenye rangi nzito hutoa doa la duara lililoinuka kidogo, na hilo likipata mwanga wa chumba linang'aa kwa kweli, kwa sababu vingine vyote vilivyolizunguka havina mng'ao.

Usizidishe nyeupe. Ukihisi bado kidogo, acha brashi, rudi kesho asubuhi uangalie kwanza.